Mgeni Aliyeshikwa na Mwanga

Lilianza na harufu, na harufu yenyewe ilikuwa nzuri.

Hajarah alikuwa amekitoa kichupa chini ya taa, akakifungua aongeze matone mawili ya dawa, na udi ukamjia puani. Ulikuwa udi wa kweli, wenye moshi ndani yake, kama ule unaofukizwa kwenye kitezo sebuleni kwao Busia. Akakiinua kichupa, akakinusa tena. Ndani yake mlikuwa na seli nyeupe za damu katika maji kidogo, rangi ya maji ya mchele, baridi kama barafu iliyokizunguka. Kitu kile hakikupaswa kunuka chochote.

"Engole," aliita. "Umejipaka marashi?"

Engole, fundi mwenzake wa maabara, alikuwa akiosha chupa upande wa pili. "Mimi? Nyabo, mimi nanuka kwetu Molo. Ng'ombe na jasho. Marashi ntatoa wapi?"

"Njoo unuse."

Akaja akikausha mikono, akainama, akanusa. Akanusa tena. "Kama msikitini," alisema, na akarudi kwenye chupa zake bila kufanya mzaha mwingine. Engole kukosa mzaha lilikuwa jambo la kutia shaka. Hajarah hakulipa nafasi. Alikifunga kichupa, akaandika saa katika daftari, kumi na moja na robo, akaendelea na kazi, kwa sababu mtu aliyeshindwa miezi minane haachi kazi kwa ajili ya harufu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kila seli mna uzi mrefu, uzi wa DNA, na uzi huo haukai ovyo. Umezungushiwa bobini ndogo ndogo za protini, maelfu kwa maelfu, na mzigo wote huo huitwa kromatini. Hajarah alipomweleza hayo mdogo wake Hanifah, ambaye ni fundi cherehani, Hanifah alicheka, "Kumbe sote tunashona." Juu ya uzi huo huja protini nyingine, za kupita tu. Zinagusa mahali, zinasoma, zinakwenda zake. Hajarah alitaka kujua zipi zinagusa, na wapi, katika damu ya watu wanaobeba vijidudu vya malaria mwaka mzima bila kuugua. Tabu ni kwamba mguso ule ni wa kufumba na kufumbua. Ndipo inapokuja taa ya urujuanimno. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini ukipiga, chochote kinachougusa uzi dakika hiyo hugandana nao. Kilicho karibu tu, hata karibu kama kope na jicho, huachwa. Kinachogusa hakitoki tena.

Hayo ni maneno ya daftari. Katika maabara yao ndogo ya malaria mjini Tororo, penye dirisha linalotazamana na mwamba, taa ilikuwa imeshika hewa tupu tangu Januari. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Barafu iliyeyuka njiani. Watu wa Nagongera waliokubali kutoa damu walisikia kwamba damu yao hupelekwa katika chumba cha giza, wakawa wanaingia migombani wakiona gari. Na mkuu wa maabara, Dakta Okanya, alikuwa amesema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Hajarah, hii taa tumeazimwa. Jumatatu inarudi Kampala. Ukiwa na kitu, niletee. Ukiwa huna, tufunge."

Ndiyo maana Alhamisi hiyo, mchana, kabla ya ile harufu, alikwenda nyumbani kuchukua damu ya Hanifah, ambaye hajaugua malaria tangu azaliwe. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu wa nyumba nyingine asingeweza hata kulifanya.

Tangu enzi za bibi yao, Bibi Kaltumu, Mnubi aliyehamia mpakani kutoka Bombo, wanawake wa nyumba ile walikuwa na mgeni. Hawakumwita jini, hakulipenda neno hilo. Walimwita Babu. Alikuja Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi mwandamo, akakaa katika mwili wa binti aliyemchagua, akafunikwa shuka jeupe, akafukiziwa udi, akanywa kahawa ya tangawizi vikombe vitatu. Alitoa habari, alitania, alionya. Mwaka fulani alimwambia Bibi asilale chumba cha nyuma, na kabla ya alfajiri lori la saruji likapitiliza ukuta wa chumba hicho. Jua likianza kupoa aliaga. Binti alipiga chafya tatu, akaomba maji, mambo yakaisha mpaka mwezi mwingine. Sharti lake lilikuwa moja. Babu akiwa ndani, sindano isiguse mwili, wembe usiguse mwili, damu isitoke.

Hajarah alilijua sharti hilo kama alivyojua jina lake. Lakini malori yalikuwa yamefunga barabara ya forodha, akafika saa nane, na Babu ameshaketi ndani ya Hanifah. Kungoja mpaka aage kungeiua kazi. Seli zilitakiwa chini ya taa kabla ya jioni. Mama alikuwa uani akikaanga kahawa. Fomu Hanifah alishatia sahihi, Hajarah alijiambia, akifunga mpira mkononi mwa mdogo wake. Ila aliyetia sahihi hakuwamo mle chumbani, na aliyekuwamo hakuulizwa.

Macho ya Hanifah yaliitazama sindano, kisha yakamtazama yeye. "Binti wa Kaltumu," ilisema ile sauti nzito, bila hasira, "una haraka."

"Nina haraka, Babu. Nisamehe."

Damu ilikuja vizuri, nyingi, nyeusi kidogo.

*

Ijumaa asubuhi jeli, ile inayotenganisha protini kwa umeme, ilionyesha mstari.

Mmoja, mnene, mweusi tii, mahali ambapo kwa miezi minane palikuwa patupu. Engole alipiga mluzi. Hajarah aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akacheka na kulia kwa pamoja, na alikuwa bado sakafuni simu ilipoita.

"Mgeni hajaondoka," Mama alisema.

"Hajaondoka tangu lini?"

"Tangu jana, Hajarah. Aliaga vizuri tu, akanishukuru kahawa. Chafya ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaja mpaka puani, ikasimama hapo hapo. Mpaka saa hii. Mdomo wazi, macho juu, kama mtu anayengoja kupiga chafya."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa inakuhusu nini?"

"Mama. Saa ngapi?"

"Redio ilikuwa inaanza matangazo ya vifo. Kumi na moja na robo."

Hajarah hakuwa na haja ya kulifungua daftari.

Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa mchana kweupe, na pazia limeshushwa, na kitezo hakina hata kaa moja, lakini udi ulimpokea barazani, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ile hewa kali inayobaki katika chumba cha taa baada ya mwanga kuzimwa. Hanifah alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, shuka jeupe mabegani, kichwa kimeinuliwa, pua imekunjamana, midomo imeachana, na ngozi ya uso wake ilikuwa nyekundu na imeanza kubanduka kama ya mtu aliyeanikwa juani wiki nzima, ingawa hakutoka nje tangu jana. Kifua kilipanda nusu pumzi, kikakwama, kikashuka, kikapanda nusu pumzi tena. Na sauti, ilipokuja, haikutumia midomo. Ilitoka chini, kooni, midomo ikiwa wazi vile vile na ulimi umetulia, kama redio iliyowashwa ndani ya nyumba isiyo na watu.

"Nimeaga," ilisema. "Nimeaga, na mlango siuoni."

Sheikh Zubairi alikuwa ameshafika. Alikuwa mzee mwembamba kutoka upande wa Kenya, mwenye sifa ya kutoa majini mpaka Bungoma, na alikuwa amevua koti, jasho linamtiririka.

"Nimesoma tangu asubuhi," alimwambia Hajarah kwa sauti ya chini, amekasirika kama fundi aliyeshindwa na baiskeli. "Wengine nikianza tu wanapiga kelele, wananitukania mama. Huyu anasoma pamoja na mimi. Nikikosea, ananisahihisha. Nimemwamuru, toka. Ananijibu, haya, nitoe."

"Labda ni ujanja wake, Sheikh," Mama alisema.

"Mama Hajarah, miaka thelathini nafukuza wasiotaka kutoka. Anayelia atolewe sijapata kumwona. Dawa yake sina." Akajifuta uso kwa kilemba. "Kuna mtu amemfunga. Si mimi wa kumfungua. Aliyefunga ndiye anajua fundo lake."

Nusu pumzi ilipanda, ikakwama.

"Mama," Hajarah alisema. "Nilimtoa damu."

"Ulimtoa lini?"

Hajarah alitazama chini.

"Nimekuuliza lini, mwanangu."

"Jana. Ulipokuwa uani."

Mama hakumpiga, hakupaza sauti. Alikaa kitako juu ya mkeka, taratibu, na kwa muda mrefu alikunjua na kukunja pindo la kanga yake. "Nilikuwa nakaanga kahawa," alisema mwishowe. "Hatua kumi. Ungeniita tu."

Ikabidi Hajarah aeleze, mbele ya Sheikh, mbele ya koo lile lililokuwa likisikiliza. Kwamba yuko aliyekuwa akimgusa Hanifah, mguso wa kupita, na taa ikapiga akiwa bado anagusa.

"Na mnafunguaje?" Sheikh aliuliza. "Ninyi watu wa maabara. Mkifunga, mnafunguaje?"

"Zamani tulifunga kwa fomalini, ile dawa ya maiti. Fundo lake hulegea kwa moto. Tuliiacha kwa sababu inafunga hovyo, hata vilivyo jirani." Alimtazama Hanifah. "La mwanga halilegei. Lazima kimoja kiliwe. Kuna kimeng'enya kinakula uzi, na kuna kimeng'enya kinakula kilichoushika."

"Uzi ni wa nani?"

"Wa Hanifah."

Kutoka katika ule mdomo ulio wazi sauti ilisema polepole, kama mtu mzima anayewakumbusha watoto adabu, "Binti wa Kaltumu, mimi nilikuja kunywa kahawa."

Mama alianza kulia. "Amekaa nasi vizazi vitatu," alisema. "Hajatudhuru hata siku moja. Nitamwambia nini mama yangu?"

"Hanifah hajanywa maji tangu jana," alisema Hajarah. "Tazama midomo yake."

Mama aliitazama. Kisha akageuza uso ukutani, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

*

Jumamosi umeme ulikatika Tororo nzima. Jenereta la maabara lilikataa kuwaka mara nne, na mara ya nne Hajarah alilipiga teke mpaka kidole kikavimba.

"Pole pole," Engole alisema. "Hiyo mashine iko kama punda wa Molo. Ukiipiga inalala." Akafungua kifuniko, akapuliza kitu, akavuta kamba. Jenereta likaguruma. Alimtazama Hajarah akivitoa vichupa vyote vya Hanifah kwenye friza, vyote sita, na kimeng'enya cha kula protini. "Unaharibu? Si ndiyo huo mstari wetu? Miezi minane, Hajarah."

"Engole, nisaidie au niache. Usiniulize."

Akamsaidia. Walitia matone. Wakavipanga vichupa katika maji ya nyuzi hamsini na tano. Saa sita kamili mchana, jua limesimama juu ya mwamba, Hajarah aliingia katika chumba cha taa, akajifungia gizani, akapiga simu nyumbani.

"Weka simu karibu naye, Mama."

"Kwa nini ujitese?"

"Weka."

Alisikia nusu pumzi. Alisikia Sheikh akisoma kwa mbali. Na kwa dakika ishirini hakusikia kingine, mpaka sauti ya kooni ilipoanza kuimba, wimbo wa Kinubi ambao Bibi Kaltumu aliuimba akipepeta mchele, na Hajarah, ambaye hakuwahi kuyajua maneno yake yote, aliyasikia sasa kwa mara ya kwanza yote, ubeti kwa ubeti, mpaka ubeti mmoja ulipokosa neno la mwisho, na uliofuata ukakosa mawili, na wimbo ukaendelea hivyo hivyo, unapungua, unaliwa kutoka pembeni kama mkate ulioachwa karibu na siafu, na yule anayeimba hakupiga yowe wala hakulaani, alijitahidi tu, kila mara alirudi mwanzo kama mtu anayehisi ameangusha kitu njiani na hajui ni nini, na alipokosa wimbo kabisa akajaribu kusema.

"Binti wa Kaltumu, mimi nilikuja kunywa kahawa."

Dakika zikapita.

"Binti wa Kaltumu, mimi nilikuja."

Hajarah aliuma kiganja chake.

"Binti, mimi."

Kisha silabi tu, zisizo na lugha. Kisha kimya, na ndani ya kimya hicho chafya kubwa, na nyingine baada yake, na sauti nyembamba, iliyokauka, ya Hanifah mwenyewe. "Mama, maji. Na huyu sheikh anafanya nini na mguu wake juu ya kitambaa cha mteja?"

Mama alicheka mpaka simu ikaanguka.

*

Jumatatu taa ilipakiwa. Hajarah alisimama mbele ya meza ya Dakta Okanya akasema ukweli aliouweza: kwamba alitia kimeng'enya katika sampuli zote, na mstari haupo tena. Alingoja afukuzwe. Alitaka afukuzwe.

Dakta Okanya alivua miwani. "Protini ililiwa. Uzi upo?"

"Upo."

"Basi unasikitika nini? Keti." Alivuta karatasi, akachora mstari mrefu na nukta moja juu yake. "Kimeng'enya hakili chote. Pale penyewe palipogandana, hakipafikii. Inabaki chembe ndogo, imeng'ang'ania uzi. Haisomi tena, haifanyi kazi, haijui hata ilikuwa nini. Lakini haitoki. Sasa ukiunakili uzi, kinachonakili kinakwenda, kinakwenda, kikifika hapa," akagonga nukta kwa kalamu, "kinasimama. Kila mara, hapo hapo. Ndivyo tunavyojua mahali." Alitabasamu, mara ya kwanza mwaka huo. "Hujapoteza kitu, Hajarah. Mahali tunapo. Huyu mtoaji damu, anaweza kurudi?"

"Hapana," alisema Hajarah. "Hawezi."

Wiki ile ile alikwenda nyumbani. Hanifah alikuwa mzima. Ngozi mpya imeota usoni, cherehani inanguruma, amenenepa hata. Alimtania Hajarah kwamba amemfanya mbuzi wa Idi, akamshonea gauni. Akaswali adhuhuri pembeni mwa vitambaa vyake, na Hajarah, akikunja nguo, alisikia mnong'ono wa Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, ukienda vizuri mpaka aya ya tano. Wewe tu tunakuabudu. Hapo ukanyamaza. Pumzi tatu. Kisha, kwa sauti ile ile, kama ambaye hakusimama popote: na Wewe tu tunakuomba msaada.

Katika rakaa ya pili, hapo hapo. Ya tatu, hapo hapo.

"Mbona unanyamaza katikati?" alimuuliza baadaye.

"Wapi?"

"Kwenye Alhamdu."

Hanifah alimtazama kama anayedhihakiwa. "Dada, mimi sinyamazi. Nimehitimu Kurani kabla yako."

Mwezi ulipoandama, Alhamisi ya kwanza, hakuna aliyekaanga kahawa. Hakuna aliyelitaja. Jua lilipozama Mama alitandika mkeka, akamwambia Hanifah awe imamu wao, kwa shukrani, kwa kuwa ndiye mwenye usomaji mzuri. Walisimama bega kwa bega, Hanifah katikati, Mama kulia, Hajarah kushoto. Nje malori yalikuwa yanangoja lango la forodha. Hanifah alisoma kwa sauti, polepole, kwa uzuri, na Hajarah alizifuata aya moja moja, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Wewe tu tunakuabudu," alisoma Hanifah kwa Kiarabu, akasimama.

Hajarah alihesabu pumzi zake mwenyewe. Tatu. Tano. Kumi. Kwa pembe ya jicho aliona uso wa mdogo wake, mtulivu kabisa, macho yametazama mahali pa kusujudia, midomo imeachana kidogo, kifua hakipandi wala hakishuki. Hapakuwa na sauti kooni, wala harufu, wala mtu wa kuombwa msamaha. Alihesabu mpaka arobaini, hesabu ikampotea. Madereva walizima injini zao, mmoja baada ya mwingine, giza likaingia chumbani, na wanawake wawili walibaki wamesimama, mikono kifuani, wakingoja wa tatu aombe msaada.